Je, Askari wa Udongo Naye Ana Haki?

Wasomaji wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Mimi ni mtu mzima wa miaka 24, nina cheti cha kidato cha nne, nina ndevu, na masika iliyopita nilishinda wiki tatu barazani nikicheza vita na askari wa udongo. Chekeni kwanza. Mkishamaliza, nisikilizeni, maana ndani ya mchezo ule nimekutana na swali lililonitoa jasho kuliko mtihani wowote wa shule, na naamini ni swali la kila mmoja wetu anayeota kuandika riwaya. Swali lenyewe ni hili: ukishampa mtu wa kubuni kisa chake, ukampa jina, mama na kovu, je, bado una haki ya kumfanyia utakavyo?

Hapa kwetu Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, mvua ikishika imeshika. Barabara ya kushuka Njia Nne inakuwa utelezi mtupu, biashara inalala, na kijana asiye na kazi anazidi kukosa kazi. Watoto wawili wa dada yangu walikuwa wamechoka kufungiwa ndani. Siku moja mvua ilipopumua kidogo tukateremka kijitoni, tukachota udongo wa mfinyanzi, tukafinyanga watu, kila mmoja urefu wa kidole. Mikuki tukachonga njiti za chelewa. Vilima vyetu vilikuwa vifuu vya nazi vilivyofunikwa juu ya mkeka, na dadu tukaazima kwenye ludo. Jeshi la pili, la Mjerumani, hatukuwa na subira ya kulifinyanga. Tukapanga vizibo vya soda. Sheria zilikuwa chache: askari anatembea shibiri moja kwa zamu, na akipigwa risasi tunarusha dadu, ikija tano au sita, amekufa, anatolewa mkekani.

Mwanzoni mchezo ulikuwa mwepesi kama bao. Si mnajua raha ya bao? Kete 64, zote sawa, hakuna mwenye cheo wala ukoo. Ukila kete za mwenzio huzitupi. Unazipanda upande wako, nazo zinakutumikia bila kinyongo. Mateka amegeuka askari wako papo hapo na haulizwi jana alikuwa wa nani. Kete haina mama. Ndiyo maana wazee wanalana barazani kutwa nzima, wanatambiana, wanazomeana, na jioni wanakwenda kuswali pamoja kama kwamba hakuna aliyemfilisi mwenzake.

Wakubwa wa vita vya kweli nao wamecheza hivyo hivyo. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita wa mezani. Mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa jeshi, akawa ameuboresha, na jeshi la Prussia likauchukua kufundishia maofisa wake. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vya kusogeza juu ya ramani, na waliokufa walipatikana kwa dadu na hesabu. Prussia hiyo ndiyo iliyoongoza kuundwa kwa Ujerumani mwaka 1871, na Ujerumani ndiyo iliyotujia huku. Sisemi kwamba mchezo ndio uliotutawala, hapana. Nasema tu kwamba kipande kisicho na jina ni rahisi sana kukiondoa mezani.

Basi mie na wajomba zangu wale tulikuwa tunaua tu, tunafufua, tunaua tena. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo.

Kilichoharibu mambo, au niseme kilichoyatengeneza, ni binamu yangu wa Dar. Alikuja msibani, akatukuta barazani, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akafungua simu yake akanionyesha picha. Kumbe Uingereza kuna mchezo unaoitwa Warhammer, ulitoka mwaka 1983, na watu wazima wenye kazi zao na wake zao wananunua sanamu ndogo, wanazipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, kisha wanapigana mezani kwa dadu. Jeshi halishuki mezani hivi hivi, lina historia yake. Kuna vitabu vizima vya historia hizo. Na mchezaji akitaka anabuni kikosi chake mwenyewe: kwa nini wanavaa rangi hii, nani aliwasaliti, kwa nini nahodha wao ana jicho moja. Nikamwambia binamu, haya, hiyo ndiyo kazi ninayoililia kila siku. Mie nitashindwaje?

Usiku ule ule nikachukua daftari.

Kisa cha jeshi langu sikukitafuta mbali, maana nimezaliwa juu yake. Ni katika vilima hivi, pale Nandete, mwezi Julai 1905, ambapo Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba ya serikali ya Mjerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Pamba ile watu walikuwa wakilimishwa kwa kiboko huku mashamba yao yakiota magugu. Kabla ya hapo neno lilikuwa limeshapita kijiji hadi kijiji kwa minong'ono, kwamba kule Ngarambe kuna mtu, Kinjikitile Ngwale, anayetoa dawa ya maji itakayogeuza risasi za Mzungu kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga kabisa, lakini maji yake yakaenda bila yeye, mpaka Ungoni, mpaka Mahenge.

Sikuthubutu kuwafinyanga hao wenye majina. Nilibuni wangu. Wa kwanza nilimchora mistari mgongoni kwa mwiba: huyu amechapwa shambani, anapigana kwa hasira. Wa pili nilimpa mama mjane asiye na mtoto mwingine. Wa tatu alitembea siku nyingi kwenda Ngarambe kunywa maji, kwa hiyo anaamini kuliko wote. Wa nne nilimfanya mwenye shaka: ameyanywa maji kwa sababu wenzake wameyanywa, lakini moyoni anasema, risasi ni risasi. Nikajisifu sana. Nikajiona nimekuwa mwandishi.

Asubuhi tukapanga jeshi. Nikaamuru wote waende mbele, wavamie vizibo. Yule mpwa wangu mdogo, wa darasa la nne, akanishika mkono.

"Anko, huyu si ndiye haamini maji?"

"Ndiye."

"Sasa mbona anaikimbilia bunduki kama wenzake?"

Wasomaji, nilikosa jibu. Nilitaka kumwambia, kwa sababu namhitaji mbele, upande wa kulia kuna pengo. Lakini hilo lilikuwa jibu langu mimi, si la yule askari. Nilikuwa nimemvika kisa kama kanzu ya sikukuu, halafu nikamtumia kama kete ya bao.

Tukakaa tukatunga sheria upya. Mwenye shaka, kila akitaka kwenda mbele, arushe dadu kwanza. Ikija moja au mbili anabaki nyuma ya kifuu. Aliyetoka Ngarambe harudi nyuma hata akiamriwa. Aliyechapwa akimwona mnyapara haangalii amri ya mtu. Na mtoto wa mjane, wenzake wakibaki watatu, ana ruhusa ya kwenda nyumbani. Matokeo yake nikapigwa. Nikapigwa vibaya, siku nne mfululizo, na wapwa zangu waliokuwa wakiendesha vizibo wakanizomea kijiji kizima kikasikia. Jeshi lenye visa ni gumu kuliendesha, maana kila askari ana neno lake.

Lakini siku ya tatu ya kupigwa, mwenye shaka alirusha sita, akatoka nyuma ya kifuu peke yake, akaenda kusimama pembeni ya yule wa Ngarambe aliyekuwa amezungukwa. Watoto wakanyamaza. Hatukumpangia. Ilikuwa ni dadu, najua, lakini kwa sababu alikuwa na shaka yake, hatua ile ya shibiri moja ilikuwa na uzito ambao mashambulizi yote ya wiki ya kwanza hayakuwa nao. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza. Kisa unachompa mtu wako ni amri inayokufunga wewe uliyekitoa. Usipokubali kikufunge, hukumpa kisa, umempaka rangi.

Angalieni riwaya zetu tunazoandikiana kwenye madaftari. Tunaandika, "Juma alikuwa kijana mwoga tangu utotoni," halafu ukurasa wa arobaini Juma anapiga majambazi watano kwa sababu tunataka msichana ampende. Mwoga yule amekwenda wapi? Msomaji ndiye mpwa wangu wa darasa la nne, atakushika mkono tu.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na hilo nilifundishwa na bibi yangu.

Watoto walichoka kuniona nikipigwa, au niseme waliona haya, kwa sababu jeshi linalopigwa lilikuwa la kwetu. Mkubwa akapendekeza: tufanye maji yafanye kazi. Kila aliyekunywa maji, risasi ikimpata, ikija tano au sita risasi igeuke maji na askari asife. Nikakubali haraka. Nani asingekubali? Siku hiyo tulivifagia vizibo vyote mpaka ukingoni mwa mkeka, tukaviteka, tukashangilia.

Bibi alikuwa kajikalia pale pembeni anapepeta mchele. Bibi yangu, kama walivyo bibi wa huku, ananiita mume wangu.

"Mume wangu, mnashangilia nini?"

"Tumemshinda Mjerumani, bibi. Maji yamefanya kazi."

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi. "Yamefanya kazi?"

"Ndiyo."

"Sasa bibi yangu mimi mbona alikula ming'oko mwaka mzima?"

Akaendelea na mchele wake. Bibi yake bibi alikuwa msichana wakati ule. Nani asiyejua ming'oko huku kusini? Siku hizi tunaichemsha tukaitafuna kwa starehe. Lakini kuiishi mwaka mzima, kuichimba porini kwa sababu ghala zimechomwa na mashamba yameteketezwa, hiyo ni habari nyingine. Vita vile viliisha kwa njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria waliokuja baadaye wameitaja idadi mpaka 300,000. Ushindi wetu wa mkekani ulikuwa umewafuta wote hao kwa sheria moja ya dadu.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja pale kijiweni, alinijia juu. "Acha longolongo, mwanangu. Babu zetu walipigwa kweli. Angalau kwenye mkeka wako basi washinde. Kwani Wazungu kwenye sinema zao si wanashinda kila siku? Mchezo ni mchezo." Sitaki kumdharau, maana hoja yake ina moyo. Kuna haki katika kuota ushindi ulionyimwa. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu asinyang'anywe na ndoto.

Lakini nililala nikiifikiria, nikaona tofauti. Ukitaka jeshi lako lishinde, buni nchi yako, buni vilima vyako, buni dawa yako, ulipe jina lako. Hakuna atakayekudai. Ila ukisema hawa ni wa Umatumbi, mwaka ni 1905, na maji ni yale ya Ngarambe, basi umekopa. Umekopa huzuni ya watu ili mchezo wako uwe na uzito, na huwezi kukopa uzito halafu ukakataa kubeba mzigo. Aliyechukua ujasiri wao achukue na njaa yao.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, aliliona hilo kabla yetu. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Tazameni jina vizuri: yule wa Ngarambe ni Kinjikitile, wa kwenye tamthilia ni Kinjeketile. Na mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mtu wake ni wa kubuniwa, si nakala ya yule wa historia. Irabu mbili tu zimebadilika, lakini ndani yake kuna adabu kubwa. Ni kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya watu. Na hata baada ya kubisha hodi hakumpa mtu wake ushindi wa bure; alimpa shaka, akamwacha aone maneno yake mwenyewe yakimponyoka na kwenda vitani bila yeye.

Sasa niwape kisa kingine cha mbali, maana kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1826, katika kijiji cha Haworth huko Uingereza, kasisi mmoja alimnunulia mwanawe Branwell Brontë askari 12 wa mbao. Dada zake wakavamia, kila mtoto akachukua wake, akampa jina. Charlotte akamwita wake Wellington, Branwell akamwita wake Bonaparte. Kutokana na vipande vile vya mbao wakabuni miji, wafalme na fitina, wakaandika vijitabu vidogo vya kushonwa kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Ndio hao hao: mwaka 1847 Charlotte alitoa Jane Eyre na Emily akatoa Wuthering Heights. Kwa hiyo mtu akikucheka unapofinyanga askari, mwambie aende zake.

Lakini subirini. Mnajua nchi ya askari wale wa mbao waliiweka wapi? Afrika. Pwani ya Afrika Magharibi, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Na Waashanti, taifa la kweli lenye mfalme wake na vita vyake vya kweli na Waingereza miaka ile ile, wakawekwa kuwa maadui wa kupigana nao. Wellington wa mbao alipewa kisa kirefu, wenye nchi wakawa mandhari. Walikuwa watoto, siwalaumu. Nilipolijua hilo nilikasirika kidogo, nikajiandaa kuandika maneno makali kuhusu Wazungu. Halafu nikageuka kuangalia mkeka wangu.

Vizibo vya soda.

Jeshi langu mimi lilikuwa na mama, makovu na shaka. Jeshi la pili lilikuwa vizibo, vyote sawa, havina hata uso. Na ni nani hasa waliokuwa kwenye jeshi lile? Kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, upande wao walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Mkono ulioshika bunduki, mara nyingi, ulikuwa mweusi kama wangu: Wasudani, Wamanyema, watu wa pwani. Alifikaje pale? Alidanganywa? Alifuata mshahara? Alikuwa na mke kambini anayemsubiri? Sitaki kumsafisha. Aliyechoma ghala amechoma ghala, na ming'oko haikuwa tamu kwa sababu aliyesababisha alikuwa mwenzetu. Lakini nimejifunza jambo la tatu: kabla hujajisifia watu wako walivyo na visa vizuri, angalia upande wa pili wa mkeka uone nani umemwacha kizibo.

Tukachukua udongo tena. Tulifinyanga askari mmoja tu wa upande ule, tukampa kofia na bunduki ya njiti. Kisa chake tulimpa hivi: ametoka mbali, haijui lugha ya vilima hivi, na kila usiku anahesabu miezi iliyobaki. Basi. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya mwenye shaka kumshambulia, na mpwa wangu mkubwa, yule yule aliyetaka maji yafanye kazi, akashika dadu kiganjani muda mrefu bila kuirusha. Sikumharakisha. Mwisho aliirusha, maana vita ni vita. Lakini aliishika kwanza.

Nilitaka makala iishie hapo, lakini kuna jambo bado linanisumbua, na nawaachia nanyi lisumbue.

Jioni moja, watoto wamelala, bibi aliniita. Akaniuliza kama udongo umebaki. Nikamwambia umebaki. Akasema bibi yake alikuwa na kaka. Alikwenda vitani na wenzake, hakurudi, na hakuna aliyejua alikoangukia. Akanitajia jina lake, jina ambalo mimi, mjukuu anayejifanya mtunza visa, nilikuwa sijapata kulisikia.

"Nitengenezee na yeye, mume wangu."

"Nitamtengeneza, bibi. Alikuwaje? Alikuwa anaamini maji, au—"

Akanikata. "Hayo sijui. Wewe mtengeneze tu. Lakini usimpeleke vitani tena."

Nimemtengeneza. Ni mzuri kuliko wote, nilitumia siku mbili. Nimemweka juu ya dirisha la ndani, mbali na mvua, maana udongo wetu haujachomwa na watoto wanapenda kutania kwamba askari wa Maji Maji adui yao ni maji. Jina lake silitaji hapa. Mkononi hana mkuki. Kwenye daftari langu ana ukurasa wake, na ukurasa ule ni mweupe.

Ninyi mnajua uchu wa mwandishi. Kila nikipita pale mkono unawasha. Kaka aliyekwenda akapotea, dada aliyebaki akichimba ming'oko: hiyo ni riwaya nzima imesimama dirishani, na mimi nina miaka 24, sina kazi, na ninataka jina. Naweza kubadilisha irabu mbili. Naweza kubisha hodi. Lakini nyumba hii mwenyewe yupo, anapepeta mchele barazani, na ameshanipa jibu.

Basi, wandishi wenzangu, ndivyo nilivyoamua kwa sasa. Askari wa udongo ana haki, tena anaipata siku ile unapompa kisa. Wengine haki yao ni kufuata kisa chao hata kama wewe utashindwa. Wengine haki yao ni kutodanganyiwa ushindi. Na wako wachache ambao haki yao ni kuachwa wapumzike. Bibi akija kunipa ruhusa, nitaandika. Asiponipa, ukurasa utabaki mweupe, na nitaandika habari za yule mwenye shaka, ambaye ni wangu mwenyewe, na ambaye mpaka leo sijui atarusha ngapi.